Namna ya Kupata Grafu ya Ugezi Inayoaminika Unapopima Ufyonzaji wa Mwanga

Spektrofotomita haipimi ukolezi. Inalinganisha mwanga unaoingia kwenye kuveti, yaani kichupa chenye myeyusho, na mwanga unaotoka upande wa pili, kisha inatoa namba moja isiyo na kizio, iitwayo ufyonzaji. Namba hiyo hugeuka kuwa miligramu kwa lita pale tu inapopitishwa kwenye grafu ya ugezi, yaani mstari uliopatikana kwa kusoma miyeyusho sanifu ambayo ukolezi wake unajulikana tangu mwanzo. Kosa lililomo ndani ya grafu hurithiwa na kila sampuli itakayosomwa kwayo, na kwa kuwa sampuli zote hupotoka pamoja kuelekea upande uleule, kurudia kipimo mara tatu au hata mara kumi hakutalifichua. Majibu yatakubaliana vizuri yenyewe kwa yenyewe, na yote yatakuwa na kosa.

Katika maelezo yafuatayo nitatumia mfano mmoja, upimaji wa chuma katika maji kwa fenantrolini. Haidroksilamini hugeuza chuma chote kuwa katika hali ya Fe²⁺, bafa ya asetati hushikilia pH (kipimo cha uasidi) isibadilike, na fenantrolini hufungamana na chuma na kutoa rangi nyekundu ya machungwa inayosomwa kwenye nanomita 510. Anayepima fosfati, nitriti au protini atakutana na mambo yaleyale, ila vitendanishi na urefu wa wimbi ndivyo vitakavyobadilika.

Kwa nini mstari hunyooka, na kwa nini hupinda

Pierre Bouguer aliandika mwaka 1729 kuhusu jinsi mwanga unavyofifia unapopita ndani ya kitu, Johann Heinrich Lambert akalieleza jambo hilo kihisabati mwaka 1760, na August Beer akalihusisha na ukolezi wa miyeyusho mwaka 1852. Kanuni iliyotokana na kazi zao inasema kwamba ufyonzaji ni zao la mambo matatu: uwezo wa dutu wa kufyonza mwanga wa urefu fulani wa wimbi, umbali ambao mwanga unasafiri ndani ya myeyusho, na ukolezi. Mambo mawili ya kwanza yasipobadilika, ufyonzaji huongezeka sawia na ukolezi, na grafu huwa mstari mnyoofu. Mchangamano wa chuma na fenantrolini una uwezo wa kufyonza wa takriban lita 11,100 kwa moli kwa sentimita, hivyo katika kuveti ya sentimita 1 kila miligramu 1 ya chuma kwa lita inapaswa kutoa ufyonzaji unaokaribia 0.199. Ni vizuri kuifahamu namba kama hiyo kabla ya kugusa kifaa. Mteremko wa grafu ukitoka 0.15, utajua mara moja kwamba kuna jambo la kutafuta, hata kama nukta zote zimejipanga vizuri.

Sharti ambalo wengi husahau ni kwamba kanuni hii inachukulia kuwa mwanga wote unaofika kwenye kipokezi umepita ndani ya myeyusho na una urefu mmoja wa wimbi. Ufyonzaji wa 1 maana yake ni kwamba asilimia 10 tu ya mwanga imepita. Ufyonzaji wa 2 ni asilimia 1. Ufyonzaji wa 3 ni sehemu moja ya elfu. Sasa fikiria kifaa ambacho asilimia 0.1 ya mwanga wake ni mwanga potevu, yaani mwanga unaofika kwenye kipokezi bila kufyonzwa. Myeyusho ambao ufyonzaji wake halisi ni 1 utasomeka 0.996, na hakuna atakayelalamika. Wenye ufyonzaji wa 2 utasomeka takriban 1.96. Wenye ufyonzaji wa 3 utasomeka 2.70, kwa sababu nusu ya mwanga unaopokelewa haukupita mahali ulipopaswa kupita. Kwa hiyo mstari huanza kupinda kwenye ncha yake ya juu, penye ukolezi mkubwa, na ndiyo maana mimi hupanga miyeyusho sanifu ili usomaji mwingi uangukie kati ya 0.1 na 1.0.

Kuna pia kupinda kunakotokana na kemia yenyewe. Dikromati hubadilika kuwa kromati kadiri pH inavyopanda, na rangi nyingi za viwandani hujikusanya mbili mbili ukolezi unapokuwa mkubwa, hivyo kinachofyonza mwanga kwenye myeyusho mzito si kilekile kinachofyonza kwenye myeyusho mwepesi. Bafa huzuia baadhi ya matatizo hayo, lakini haizuii yote.

Kuandaa miyeyusho sanifu

Anza na myeyusho mama mmoja, tuseme wa miligramu 100 za chuma kwa lita, na uandae kila myeyusho sanifu moja kwa moja kutoka humo. Ukitumia chupa za ujazo za mililita 50, mililita 2.00 za myeyusho mama zitakupa miligramu 4 kwa lita, mililita 1.50 zitakupa 3, mililita 1.00 zitakupa 2, mililita 0.50 zitakupa 1, na mililita 0.25 zitakupa 0.5. Ziko njia za mkato, kwa mfano kupunguza myeyusho mmoja nusu kwa nusu hadi mwisho, lakini ubaya wake ni kwamba kosa la pipeti katika hatua ya kwanza husafiri hadi kwenye chupa ya mwisho, na grafu inayopatikana inaweza kunyooka vizuri huku mteremko wake ukiwa umepotoka. Pale ambapo ujazo mdogo kama mililita 0.25 unakutia wasiwasi, andaa kwanza myeyusho wa kati wa miligramu 10 kwa lita na uchukue mililita 2.50 kutoka humo.

Miyeyusho sanifu mitano pamoja na myeyusho tupu, yaani wenye maji na vitendanishi vyote lakini usiotiwa chuma, inatosha kwa kazi nyingi. Isambaze karibu sawasawa katika eneo ambalo sampuli zako zitaangukia, maana nukta moja iliyo mbali na wenzake huuvuta mstari mzima kuelekea kwake. Kila chupa, pamoja na ile ya myeyusho tupu, ipate vitendanishi vilevile, kwa kiasi kilekile na kwa mpangilio uleule utakaotumika kwa sampuli, na zote zisubiri muda uleule kabla ya kusomwa. Kwa fenantrolini, dakika 10 hadi 15 huwa zinatosha rangi kukamilika. Rangi za vipimo vingine hufifia baada ya muda, na hapo dakika tano za kuchelewa kati ya chupa ya kwanza na ya mwisho huonekana waziwazi kwenye matokeo.

Andaa pia chupa moja ya ziada, myeyusho wa uhakiki, kutoka katika myeyusho mama wa chanzo kingine: chupa nyingine ya mtengenezaji, au angalau uliopimwa upya kwenye mizani na mtu mwingine. Ukolezi wake uwe katikati ya grafu. Chupa hii haiingii kwenye hesabu za mstari. Kazi yake ni kuuliza kama mstari unasema kweli. Bila hiyo, kosa la kupima unga wakati wa kuandaa myeyusho mama haliwezi kugunduliwa, kwa kuwa nukta zote zimezaliwa nalo.

Kusoma

Washa kifaa na uache taa ipate joto kwa nusu saa. Tumia kuveti moja kwa usomaji wote, au kuveti ambazo umezijaza maji na kuhakikisha kwamba usomaji wake haupishani kwa zaidi ya 0.002 hivi, na uziingize kila mara zikiwa zimeelekea upande uleule. Zifute, angalia viputo, na usishike nyuso ambazo mwanga unapita. Kwa mwanga wa urujuanimno tumia kuveti za kwatzi, kwa sababu kioo cha kawaida na plastiki nyingi hufyonza mwanga huo zenyewe.

Chagua urefu wa wimbi ulio kwenye kilele cha ufyonzaji. Sababu kubwa ni kwamba kileleni mchoro wa ufyonzaji ni bapa, hivyo kifaa kikikosea kwa nanomita 1 usomaji haubadiliki sana, ilhali kwenye mteremko wa kilele nanomita hiyohiyo moja inaweza kubadilisha mteremko wa grafu yako yote.

Kuhusu sifuri, ninashauri kifaa kiwekwe sifuri kwa maji safi, kisha myeyusho tupu usomwe kama sampuli nyingine. Wengi huweka sifuri kwa myeyusho tupu wenyewe, na hesabu hutoka sawa, lakini wanajinyima taarifa ya thamani. Ikiwa myeyusho tupu kwa kawaida husomeka 0.004 na leo umesomeka 0.030, basi maji, kitendanishi au chupa zina chuma, na jambo hilo unapaswa kulijua kabla ya kusoma sampuli hata moja.

Soma kutoka myeyusho mwepesi kwenda mzito ili mabaki kidogo yaliyomo ndani ya kuveti yasilete madhara, na ukimaliza rudia myeyusho tupu na myeyusho wa katikati. Namba zake zikiwa zimehama, taa au rangi inabadilika kadiri muda unavyokwenda, na mpangilio wa kupanda tu ungelificha jambo hilo ndani ya mteremko.

Kuchora mstari na kuuhoji

Hapa ndipo watu wengi hufanya haraka. Programu inachora mstari, inaandika r² ya 0.998 (namba inayoonyesha jinsi nukta zinavyoukaribia mstari, 1 ikiwa ndiyo ukamilifu), na kazi inahesabiwa kuwa imekwisha. Naomba tuiangalie namba hiyo kwa karibu.

Chukua miyeyusho sanifu ya miligramu 0, 2, 4, 6, 8 na 10 kwa lita, na usomaji wa 0.002, 0.398, 0.787, 1.160, 1.505 na 1.810. Mstari unaopatikana kwa njia ya miraba midogo kabisa (inayofanya jumla ya miraba ya makosa iwe ndogo kadiri inavyowezekana) una mteremko wa 0.1819 na unakata mhimili wima kwenye 0.0341. Thamani ya r² ni 0.998. Kwenye skrini nukta zinaonekana kulala juu ya mstari.

Sasa toa kila thamani inayotabiriwa na mstari kutoka kwenye usomaji wake. Masalio, kwa mpangilio, ni −0.032, 0.000, +0.025, +0.034, +0.016 na −0.043. Hayajatawanyika ovyo kama ambavyo makosa ya bahati hutawanyika. Yanaanza chini, yanapanda, kisha yanashuka tena, kama upinde. Data hii haiko kwenye mstari mnyoofu. Inapinda kwa juu, na mstari umelazimika kuinuka upande wa chini ili kufidia.

Gharama yake inaonekana kwenye sampuli nyepesi. Tuseme sampuli imesomeka 0.100. Mstari huu utaipa miligramu 0.36 kwa lita. Lakini ukitumia nukta tatu za kwanza peke yake, mahali ambapo uwiano bado ni mnyoofu, mteremko ni 0.196, mstari unakata karibu na 0.003, na sampuli ileile inapata miligramu 0.49. Jibu la kwanza limepungua kwa zaidi ya robo, na r² ya 0.998 haikutoa onyo lolote. Ndiyo maana ninasema kila grafu ya ugezi ichorwe pamoja na grafu ndogo ya masalio chini yake. Ni kazi ya dakika moja katika programu yoyote ya majedwali.

Njia nyingine rahisi ni kurudisha kila myeyusho sanifu kwenye mstari na kuuliza mstari unaupa ukolezi gani. Katika mfano wetu, myeyusho tupu unapata takriban −0.18 na wa miligramu 10 unapata 9.76. Mtu yeyote akiona maji yasiyo na chuma yakipewa chuma hasi cha kiasi hicho atasimama, ilhali r² ingemwacha aendelee.

Masalio yakionyesha upinde, tiba ya kwanza ni kukata sehemu ya juu na kuongeza miyeyusho sanifu katika sehemu iliyobaki, kwa mfano 0.5, 1 na 3. Kutumia mlinganyo wa kipeo cha pili kunawezekana, lakini mimi hukubali hivyo pale tu sababu ya kupinda inapojulikana na haiwezi kuondolewa, na hata hapo miyeyusho sanifu iwe mingi zaidi. Mlinganyo huo una uwezo mkubwa wa kufuata makosa kana kwamba ni ukweli.

Usiulazimishe mstari upite kwenye sifuri. Myeyusho tupu ni nukta kama nyingine, uache useme ulivyosomeka. Mstari ukikata mbali na sifuri kuliko makosa ya kawaida yanavyoruhusu, hiyo ni dalili, na kuifuta kwa kubofya kisanduku kwenye programu hakuiondoi. Kumbuka pia kwamba mstari una uhakika mkubwa zaidi karibu na katikati ya nukta zake kuliko kwenye ncha, hivyo sampuli muhimu zifanyie mpango ziangukie huko. Ambapo grafu inachukua eneo pana sana, nukta za juu huwa na makosa makubwa zaidi na huutawala mstari. Hapo tumia regresheni yenye uzito, ambamo kila nukta hupewa uzito wa kinyume cha ukolezi wake.

Sampuli iliyozidi grafu

Usirefushe mstari kupita nukta ya mwisho. Sampuli iliyozidi ipunguzwe ukali na isomwe upya, na upunguzaji ufanyike kabla ya kutia vitendanishi. Sharti hili la pili nalisisitiza kwa kuwa nimewahi kuliona likipuuzwa, na jibu lililotoka lilikuwa na sura ya kuaminika kabisa.

Tazama hesabu yenyewe. Ukitia mililita 5 za myeyusho wa fenantrolini wenye gramu 1 kwa lita ndani ya chupa ya mililita 50, na kila atomu ya chuma ikihitaji molekuli tatu za fenantrolini, kitendanishi hicho kinatosha kufunga takriban miligramu 9 za chuma kwa lita na si zaidi. Sampuli yenye miligramu 30 itamaliza kitendanishi chote na rangi yake itakomea hapo. Mtu akiona usomaji umezidi, akachukua myeyusho huo uliokwisha kupata rangi na kuupunguza mara kumi, atapata usomaji unaoangukia vizuri ndani ya grafu, atauzidisha kwa kumi, na ataandika 9 badala ya 30. Grafu haina kosa lolote katika tukio hilo. Iliulizwa kuhusu myeyusho ambao haukuandaliwa kama miyeyusho yake.

Sampuli isiyofanana na miyeyusho sanifu

Miyeyusho sanifu hutengenezwa kwa maji safi, lakini sampuli zina chumvi, tope, rangi ya mimea na metali nyingine. Tofauti hizo huleta makosa ya aina mbili, na kila aina ina tiba yake.

Aina ya kwanza huongeza kiasi kilekile kwenye usomaji bila kujali ukolezi wa chuma. Tope hutawanya mwanga na kifaa hukihesabu kilichotawanyika kuwa kimefyonzwa. Rangi ya asili ya maji hufyonza mwanga wa nanomita 510 yenyewe. Chuja sampuli kwa kichujio cha mikromita 0.45 kama unataka chuma kilichoyeyuka tu, na kwa kila sampuli yenye rangi andaa chupa ya pili yenye vitendanishi vyote isipokuwa fenantrolini, uisome, kisha uitoe.

Aina ya pili hubadilisha mteremko: kitu fulani ndani ya sampuli kinazuia rangi kutokea kikamilifu, kwa mfano kwa kushindania kitendanishi. Kuigundua, ongeza kiasi kinachojulikana cha chuma kwenye sehemu ya sampuli. Sampuli ikiwa ilisomeka miligramu 1.00 kwa lita, ukaongeza 1.00, na ikasomeka 1.80, basi ni asilimia 80 tu ya nyongeza iliyorudi, na hata ile 1.00 ya mwanzo haiaminiki tena. Katika hali hiyo tumia njia ya nyongeza sanifu, ambamo grafu inajengwa ndani ya sampuli yenyewe. Gawa sampuli katika chupa tatu zenye ujazo sawa wa mwisho, ukiongeza 0, 1 na 2 miligramu kwa lita. Zikisomeka 0.150, 0.310 na 0.470, mteremko ni 0.160, na ukolezi ndani ya chupa ni 0.150 gawanya kwa 0.160, yaani 0.94. Grafu ya nje yenye mteremko wa 0.199 ingekupa 0.75. Njia hii hairekebishi kosa la aina ya kwanza, kwa hiyo toa kwanza usomaji wa rangi ya asili.

Ukomo wa chini

Soma myeyusho tupu mara kumi, ukiuandaa upya kila mara, na utafute mkengeuko sanifu wa usomaji huo, yaani kipimo cha jinsi namba zake zinavyotawanyika. Zidisha kwa 3.3 na ugawanye kwa mteremko ili kupata kiasi kidogo kabisa kinachoweza kutambuliwa. Zidisha kwa 10 badala yake ili kupata kiasi kidogo kabisa kinachoweza kuandikwa kama namba. Mkengeuko wa 0.002 na mteremko wa 0.199 hutoa miligramu 0.033 na 0.10 kwa lita. Sampuli inayoangukia chini ya 0.10 iandikwe hivyo, chini ya 0.10.

Kuilinda grafu siku nzima

Baada ya kujenga mstari, soma myeyusho wa uhakiki kabla ya sampuli ya kwanza, kila baada ya sampuli kumi, na baada ya ya mwisho. Kwa chuma mimi hukubali tofauti ya asilimia 5 kutoka thamani inayotarajiwa. Kila siku andika kwenye daftari la kifaa mteremko, mahali mstari ulipokata, usomaji wa myeyusho tupu, namba ya chupa ya kila kitendanishi, kuveti iliyotumika na jina la aliyepima. Baada ya wiki chache utakuwa na picha ya jinsi mteremko unavyocheza kwa kawaida, na siku utakapohama kutoka 0.198 hadi 0.185 hutahitaji kubishana na mtu kama hilo ni jambo la kawaida. Urefu wa wimbi wenyewe uhakikiwe mara kwa mara kwa kichujio cha oksidi ya holmi, na kipimo cha ufyonzaji kwa myeyusho wa dikromati ya potasiamu.

Myeyusho wa uhakiki ukitoka nje ya mipaka katikati ya kazi, usisogeze mstari ili kuufuata. Osha kuveti na usome tena mara moja. Ukirudi ndani, andika kilichotokea na uendelee. Ukibaki nje, simama, andaa miyeyusho sanifu mipya na mstari mpya, kisha rudi nyuma hadi uhakiki wa mwisho uliofaulu, na usome upya kila sampuli iliyopita baada ya hapo, ikiwemo ile ambayo jibu lake lilikuwa limekwisha kuandikwa kwenye ripoti.